Kosa la Kiwanda na Jeraha la Mtaa

Sarafu nyingi ninazoletewa hapa Nanyuki kwa madai kwamba zilikosewa kiwandani zilikosewa gereji, jikoni, relini au shingoni mwa mtu. Nasema hivyo bila kumbeza aliyezileta. Mtu hufungua fundo la leso, huweka mezani shilingi ya zamani iliyopinda au senti kumi isiyosomeka, kisha hunyamaza akinitazama usoni. Wapo waliosikia kwamba sarafu yenye picha ya Mzee Kenyatta inanunuliwa kwa mamilioni, na wapo wenye karo ya mtoto moyoni. Mtu wa namna hiyo anastahili jibu la kweli, tena lenye sababu anazoweza kuziona kwa macho yake mwenyewe.

Mimi ni fundi saa. Lenzi ninayotazamia magurudumu ya saa ndiyo ninayotazamia sarafu, na mizani yangu ndogo ni ile ya masonara. Ufundi wa saa nilifunzwa na mzee aliyekuwa na kibanda karibu na soko, ambaye ujana wake wote aliumalizia kwenye karakana ya reli. Reli yetu ni tawi linalopanda kutoka Thika, likapita Sagana, Karatina, Kiganjo na Naro Moru, likakomea hapa. Mzee huyo alizijua mashine za kukata na kukandamiza chuma kabla hajaijua saa, kwa hiyo kwake sarafu ilikuwa kazi ya mashine kwanza, pesa baadaye. Nilipomwonyesha kitu cha ajabu kwenye shilingi hakushangaa wala hakukisifu. Aliuliza swali lilelile: "Kijana, mashine gani ingefanya hivi, na katika hatua ipi?"

Mengine yote niliyojifunza yametoka kwenye swali hilo. Kwanza, bati refu la madini hukatwa visahani tupu, na kila kisahani hubanwa pembeni ili ukingo wake uinuke kidogo. Pili, huchongwa mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja wa upande wa kichwa na mwingine wa upande wa pili. Tatu, kisahani huwekwa kati ya mihuri hiyo kikiwa kimezungukwa na pete ya chuma, na mashine hukigonga kwa nguvu ya tani nyingi. Madini hutiririka yakajaza kila shimo la muhuri, na pete huyazuia yasitambae nje. Meno tunayoyahisi ubavuni mwa shilingi huachwa na pete hiyo. Basi kosa la kweli lazima liwe na makao humo: kisahani kilikuwa na ila, au muhuri ulikuwa na ila, au kugonga kulikwenda kombo. Alama isiyo na makao katika hatua hizo iliingia baada ya sarafu kutoka kiwandani, na hakuna maneno ya muuzaji yatakayoirudisha humo.

Nikipewa sarafu naanza na mstari, kwa sababu mstari ndio unaowadanganya wengi. Tuseme kuna mstari unaokatiza shavu la Kenyatta. Ukiwa umezama, karibu kila mara ni mkwaruzo, hata ukiwa mzuri namna gani. Ukiwa umeinuka juu ya uso wa sarafu, mambo yanabadilika. Muhuri ukipasuka, madini huingia ndani ya ule ufa na kutoka yakiwa yameinuka, na kila sarafu itakayogongwa na muhuri huo itabeba mstari uleule mahali palepale. Msumari hauwezi kuinua mstari bila kuacha mfereji kando yake. Mimi huegemeza sarafu karibu na dirisha asubuhi, mwanga ukija kutoka ubavuni, halafu naizungusha polepole: kivuli cha kilichoinuka huanguka upande mmoja, cha kilichozama huanguka upande wa pili. Lenzi kali bila mwanga wa ubavu haisaidii kitu. Mwanga wa ubavu peke yake, bila lenzi, unatosha kumaliza nusu ya ubishi wote.

Bonge pia lina ushahidi wake. Kipande cha muhuri kikimeguka ukingoni, sarafu hutoka na uvimbe laini usio na herufi, umeungana na ukingo kabisa. Igeuze. Mahali hapohapo upande wa nyuma utakuta maandishi yamefifia, kwa kuwa madini yalikimbilia kwenye lile pengo la muhuri badala ya kujaza herufi za upande wa pili. Tone la lehemu lililodondokea sarafu kwenye meza ya fundi redio halina habari na upande wa pili. Maandishi ya huko nyuma yako sawasawa kama kawaida.

Lakini somo ambalo Afrika Mashariki inalitoa kuliko sehemu nyingi za dunia ni la matundu. Bodi ya Fedha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1919, makao yake London, na kwa miongo mingi senti yake moja, senti tano na senti kumi zilikuwa na tundu katikati. Wazee wetu walizitunga kwenye kamba, wakaenda nazo sokoni. Hazikuwa na picha ya mfalme, jina lake tu, na ndiyo sababu Edward VIII, aliyeacha kiti mwaka 1936 kabla ya kuvishwa taji, ana senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki zenye jina lake. Tundu la sarafu hizo lilitobolewa kwenye kisahani kabla ya kugongwa. Kwa hiyo muhuri uliligusa tundu: mdomo wake umelainishwa na kule kugongwa, na mapambo yanayolizunguka hayakukatwa, yamelikwepa.

Wakati mwingine kisahani kilitobolewa kando. Nimeshika senti kumi ya namna hiyo, na ni kitu cha kupendeza. Tundu limeingia katika pembe ya ndovu iliyochongwa pale, na katikati, mahali ambapo tundu lilipaswa kuwa, kuna uwanja mtupu uliogongwa vizuri. Mdomo wa tundu umepondwa kidogo kuelekea ndani, pande zote mbili, kwa sababu mihuri ilipokandamiza, madini yalitafuta pa kukimbilia yakakuta tundu. Hilo ni kosa la kiwanda.

Sasa chukua tundu la keekee. Kuta zake zina mikwaruzo ya kuzunguka, ile inayoachwa na ncha ikishuka. Upande ilikotokea kuna mdomo mkali uliosukumwa nje, isipokuwa kama mtu alipitisha tupa, na tupa nayo huacha mistari yake sambamba. Tundu la msumari ni rahisi zaidi: uso mmoja umebonyea, mwingine umefura na kupasuka. Herufi zilizo karibu zimekatwa au zimeinama. Yote hayo yanasema sarafu ilikuwa imeshakamilika chuma kilipoingia.

Shilingi yenyewe haikuwahi kutobolewa kiwandani. Ile ya Bodi, yenye mfalme upande mmoja na simba aliyesimama mbele ya milima upande wa pili, ilikuwa nzima, upana wake karibu milimita 28, uzito karibu gramu 7.8. Mama mmoja kutoka upande wa Dol Dol aliniletea ya mwaka 1925 iliyokuwa na tundu, akiwa ameambiwa sokoni kwamba shilingi yenye tundu ni kosa adimu mno. Niliitazama muda mrefu. Tundu lilikuwa juu ya mgongo wa simba, karibu na ukingo, ili sarafu ikivaliwa simba asimame wima. Kwa ndani lilikuwa limelika upande mmoja tu, ule wa kuelekea ukingoni, pale uzi ulipovuta kwa miaka mingi. Uso wa mfalme ulikuwa umefutika kuliko simba, kwa maana mfalme ndiye aliyekuwa akisugua kifua.

"Mama," nikamwambia, "hii haikutobolewa Uingereza. Ilitobolewa nyumbani."

"Ilikuwa ya mama yangu. Aliivaa kwenye shanga."

"Basi yeye ndiye aliyeifanya hivi ilivyo."

Aliuliza kama ina bei. Nilimweleza kwamba fedha halisi kwenye shilingi hizo ni robo tu ya uzito, kwa hiyo haizidi gramu 2, na kwamba wakusanyaji hulipa kidogo kwa iliyotobolewa. Hakulalamika. Aliniomba nimwandikie mwaka kwenye karatasi, akaikunja na sarafu, akaenda zake. Sijaona jeraha lililoandikwa waziwazi kuliko lile, na kuliita kosa la kiwanda kungekuwa kumfuta mama yake.

Senti kumi zilipata kazi nyingine pia: zilikuwa washa. Mtu akikosa washa ya kufungia jembe la ng'ombe au mkokoteni, aliweka senti kumi chini ya nati. Kijana mmoja wa gereji aliniletea moja akisema iligongwa mara mbili, kwa kuwa aliona duara la pili kuzunguka tundu. Duara lilikuwepo kweli. Lakini lilikuwa limezama, limeng'aa, na ndani yake mapambo yalikuwa yamesagika. Chini ya lenzi zilionekana pembe za nati zilivyoburuzwa zikikazwa. Sarafu iliyogongwa mara mbili na mihuri hubeba mchoro wa mara ya pili, herufi juu ya herufi. Nati haina herufi za kuacha.

Halafu kuna reli. Watoto wa miji yote ya reli huweka sarafu juu ya chuma na kungoja treni, na treni zilipoanza tena kufika Nanyuki mwaka 2020 mchezo ule ulirudi. Sarafu hutoka ndefu kama yai, nyembamba, herufi zimevutika. Watu huilinganisha na kosa la kweli ambapo pete ya chuma haikukaa mahali pake, madini yakatambaa nje na sarafu ikawa pana kuliko kawaida, bila meno ubavuni. Mizani haitatenganisha hizi mbili, maana hakuna kilichopungua katika yoyote kati yake. Gramu ni zilezile. Tazama mchoro. Ile iliyogongwa bila pete ina mchoro wenye kina na makali katikati, kwa kuwa muhuri ndio uliofanya kazi, na herufi zinatanuka tu zinapokaribia ukingo. Iliyopondwa na gurudumu imelala kila mahali. Vivyo hivyo shilingi za fedha zilizopigwapigwa ubavuni kwa nyundo ndogo ili ziwe pete ya kidole: ukingo umekunjwa ndani na kunenepa, upana umepungua, na mtu huapa kwamba zilitoka hivyo.

Sarafu yenye pengo ni mtihani mzuri zaidi, na huu naupenda kwa sababu jibu halipo pale macho yanapokwenda. Visahani hukatwa kwenye bati kama mama anavyokata mandazi kwa kikombe kwenye donge lililosukumwa. Kikombe kikiangukia tundu lililokwisha kukatwa, andazi hutoka na pengo la mviringo. Sarafu nayo ni hivyo. Sasa mtu mwenye mkasi wa bati au tupa anaweza kuiga pengo hilo vizuri sana. Acha pengo. Tazama ng'ambo yake, upande unaokabiliana nalo moja kwa moja. Mashine inayoinua ukingo hubana kisahani pande mbili kwa pamoja, na penye pengo hakuna cha kubana. Kwa hiyo hata ng'ambo ukingo huinuka kwa shida, hutoka mwembamba au umekosekana kabisa. Aliyekata sarafu iliyokamilika alikuta ukingo wa ng'ambo umeshasimama, na hawezi kuulaza bila kuacha alama za tupa. Tena kwenye pengo la kweli, herufi zilizo karibu hunyooka na kufifia kuelekea pengo, madini yakiwa yametiririka huko. Kwenye pengo la mkasi, herufi imekatwa tu, nusu ipo, nusu haipo.

Jiriwa ndiyo mlaghai mkubwa. Weka shilingi mbili uso kwa uso, zibane kwa jiriwa au zipige nyundo juu ya fuawe, moja itabaki na alama za mwenzake zilizogeuka, kama zinasomwa kwenye kioo. Lipo kosa halisi linalotoa sura iliyogeuka: sarafu iliyokwisha kugongwa inakwama kwenye muhuri, na kisahani kinachofuata kinagongwa nayo. Lakini hapo uso mzima unakuwa picha iliyogeuka na kuzama, safi, bila mchoro wa kawaida chini yake, kwa kuwa kisahani kilikuwa kitupu. Ukiona sura ya kawaida na juu yake vipande vya herufi zilizogeuka, na upande wa nyuma umelazwa, kuna mtu alikuwa na nafasi na vifaa.

Sarafu zetu za rangi mbili zimeleta mtindo wake. Shilingi 10 ya namna hiyo ilianza mwaka 1994, ya 20 ikafuata 1998. Vijana huko stendi hung'oa kiini kwa nyundo, na pete inayobaki huuzwa kama sarafu iliyosahauliwa kuwekwa kiini. Kama kiini hakikuwapo mashine ilipogonga, madini ya pete yangetiririka kuelekea katikati, na ukuta wa ndani ungetoka umeinama na kupoteza umbo. Pete ya stendi ina ukuta ulionyooka, na mchoro unakatika mkali kabisa pale kiini kilipokuwa. Mara nyingi kiini chenyewe kiko mfukoni mwa mwenye pete.

Mambo mengine si kosa wala jeraha, na hapa subira inahitajika. Nimeletewa shilingi ya 1966 isiyo na jina la Kenyatta, mwenyewe akisema herufi zimesahauliwa. Hazikusahauliwa. Sarafu za kwanza za Benki Kuu ya Kenya, za 1966 hadi 1968, zilikuwa na picha bila maandishi ya kuizunguka. Maandishi yenye jina lake yaliongezwa 1969. Nimeletewa shilingi za George VI zenye herufi ndogo ambayo mtu anadhani iliingia kwa bahati mbaya. H ni kiwanda cha Heaton, KN ni King's Norton, vyote vya Birmingham. SA ni Pretoria. Na I, iliyo kwenye shilingi za wakati wa Vita Kuu ya Pili, ni Bombay. Kenya haijawahi kuwa na kiwanda chake cha sarafu, kwa hiyo herufi hizo ni anwani za mahali pesa yetu ilikotengenezewa. Senti za aluminiamu za 1907 na 1908 huja zimeliwa vishimovishimo. Madini yale hayakuihimili hali ya hewa ya huku, yakabadilishwa. Na shilingi za kuanzia miaka ya 1990 ni chuma kilichopakwa madini mengine juu; sumaku inazinyanyua, na zikikwaruzwa hushika kutu. Kutu hiyo hakuna aliyeikosea.

Sarafu iliyonifundisha zaidi ya zote haikutoka Uingereza. Familia moja ya huku Naro Moru ilinionyesha heller 20, sarafu ya koloni la Wajerumani, aliyorudi nayo babu yao aliyechukuliwa kuwa mbeba mizigo wa jeshi, yaani Kariakoo, katika Vita Kuu ya Kwanza. Ilikuwa ya mwaka 1916, yenye taji, herufi D.O.A. na T ndogo. Ilikuwa mbaya kutazama: unene usio sawa, taji limefifia upande mmoja, uso una mabaka, na mistari iliyoinuka kutoka kwenye mihuri iliyochoka. Kwa kipimo cha Birmingham, karibu kila kitu chake ni kosa. Lakini T ni Tabora. Wajerumani wa Tanganyika, wakiwa wamefungiwa njia ya baharini na pesa ndogo zikiwa zimewaishia, walizichapa wenyewe kwenye karakana ya reli pale Tabora, kwa brasi na shaba waliyoweza kuikusanya. Huko huko walichapa na ile sarafu maarufu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo na mlima. Mihuri ilichongwa kwa mkono na zaidi ya mara moja, ndiyo maana zipo heller 20 zenye taji kubwa na zenye taji dogo, na wakusanyaji huzipanga kwa tofauti hizo.

Nilimpelekea mwalimu wangu habari hiyo, naye alikuwa amezeeka sana. Alifurahi kupita kiasi kusikia karakana ya reli ilitengeneza pesa. Akasema kile ambacho nimekitumia tangu siku hiyo: usiseme kitu kimekosewa mpaka ujue mwenye kazi alikuwa akifanyaje siku zake za kawaida. Sarafu za Kilwa, zilizogongwa kwa mkono karne nyingi kabla ya Wareno kufika pwani, mara nyingi zimeelemea upande. Kwa Kilwa hiyo ni kawaida. Kwa shilingi ya 1966 ni kosa. Kwa heller ya Tabora ufa wa muhuri ni jambo la kila siku, bali doa la tindo kwenye taji lake ni jeraha, na heller ya familia ile ilikuwa nalo moja, dogo, lililozama, ndani yake kumeng'aa kuliko sehemu nyingine. Kung'aa huko ni dalili nzuri. Jeraha la juzi huwa na rangi changa kuliko uso unaolizunguka. Kosa la kiwanda limezeeka pamoja na sarafu nzima.

Kwa kuwa kuna kambi ya mafunzo ya jeshi la Uingereza hapa, chenji za kwao hupotelea mjini, na mara moja moja mtu huniletea peni 20 akiwa amesikia kuhusu zile zisizo na mwaka. Hizo ni za kweli. Mwaka 2008 Royal Mint, kiwanda cha sarafu cha Uingereza, ilihamisha mwaka kutoka upande wa nyuma na kuuweka upande wa kichwa. Muhuri wa kichwa wa zamani ukaunganishwa na muhuri wa nyuma mpya, zikatoka sarafu zisizo na mwaka popote. Lakini mwaka waweza pia kusagwa kwa tupa. Ya kweli ina kipande cha ngao upande wa nyuma, na herufi za upande wa kichwa zimekaa kwa mpango wa zamani ambao haukuuachia mwaka nafasi. Yenye ua la waridi nyuma na isiyo na mwaka imesagwa. Wamarekani wana mkasa wa namna hiyo na senti 5 yao ya 1937 ya Denver, ambayo nyati wake ana miguu mitatu kwa sababu muhuri ulisuguliwa kupita kiasi. Walaghai huchukua nyati wa kawaida wakamkata mguu.

Na hata peni 20 ile ya kweli huuzwa kwa makumi ya pauni, si maelfu. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu ya wale wanaoahidiwa mamilioni. Kosa dogo la muhuri kwenye shilingi ya Kenya linaweza kumfurahisha mkusanyaji, halitajenga nyumba. Anayekuomba ada ya usajili kwanza ndipo akununulie sarafu yako ni mwizi, na sarafu yako hata hajaitazama.

Kuna mchuuzi mmoja wa vinyago, kule penye bango la Ikweta, aliyewahi kuniambia kwamba mgeni hajui tofauti, basi kuna ubaya gani kumuuzia shilingi iliyobanwa kwa jiriwa kwa bei ya kosa. Ubaya upo, na ni mkubwa. Mgeni atajua akifika kwao, na siku hiyo kila sarafu ya Kenya itakuwa imeshukiwa, pamoja na ile ya kweli ambayo kijana wa Likii au wa Majengo ataipata kesho kwenye chenji yake. Zaidi ya hayo, kila senti kumi inayobanwa leo ili ionekane ya ajabu ni senti kumi nzima iliyopotea, na hazitengenezwi tena.

Kwa hiyo, wewe mwenye sarafu uliyoachiwa na shosho wako, nina ombi. Usiisugue kwa majivu, ndimu wala dawa ya kung'arishia shaba, kwa kuwa ukiisugua unaondoa rangi ya umri, ambayo ndiyo inayonionyesha alama ipi ni ya zamani na ipi ni ya juzi. Tafuta nyingine ya aina hiyohiyo na mwaka huohuo, ya kawaida kabisa, uziweke sambamba kwenye mwanga wa dirisha kabla hujamwonyesha mtu yeyote. Ipime uzito. Na kwenye karatasi uandike aliyekupa ni nani, aliipata wapi na aliitumia kwa kazi gani, karatasi hiyo ikae na sarafu. Habari hizo hakuna lenzi inayoweza kuzitoa kwenye sarafu.